Hesabu za mfalme wa mwisho wa Ur

Mia sita mara mia na ishirini.

Niliandika hivyo kwenye kikokotoo cha simu, usiku, chai imeshapoa pembeni. Jibu: 72,000. Nikafuta, nikaandika nyingine. Talanta 20, kila talanta ina mina 60, kila mina ina shekeli 60. Jibu: 72,000 tena.

Nilikuwa nasoma barua aliyoandikiwa Ibbi-Sin, mfalme wa tano na wa mwisho wa Nasaba ya Tatu ya Ur, kule kusini mwa Iraki ya leo, kama miaka elfu mbili Kabla ya Kristo. Mwandishi ni ofisa wake, Ishbi-Erra, mtu wa Mari, mji uliokuwa Syria ya leo. Barua inasomeka kama taarifa ya kijana aliyetumwa sokoni. Ulinituma Isin na Kazallu kununua nafaka, anasema. Bei imefika shekeli moja ya fedha kwa gur moja (gur ni kama lita 300). Talanta zote 20 zimeishia kwenye nafaka. Kisha nikasikia Waamori (wahamaji toka magharibi) wameingia nchini, basi shehena yote, gur 72,000, nimeiingiza ndani ya mji wa Isin. Kuitoa siwezi, hawa watu wamenizidi nguvu. Bwana wangu na atengeneze majahazi 600, kila moja la kubeba gur 120.

Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni, anaomba akabidhiwe ulinzi wa Isin na Nippur. Chakula kisikutie hofu, anamwambia mfalme, ninacho cha miaka 15.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mfalme anakufa njaa, na mtumishi wake anamwambia chakula anacho.

Ila kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni ile hesabu. Fedha, nafaka na majahazi vinalingana mpaka tone la mwisho. Hakuna punje iliyomwagika, hakuna panya, hakuna mzani uliopunja. Yeyote aliyewahi kupokea magunia bandarini atakuambia shehena ya namna hiyo haipo duniani.

Mji uliokula kwa zamu

Msomaji wa Biblia anaujua mji huu kwa jina la Uru wa Wakaldayo, kwao Ibrahimu. Kinachosahaulika ni jinsi ulivyokuwa unakula.

Mikoa ya Sumer na Akkad, yaani kusini na katikati mwa Iraki ya leo, iliihudumia dola kwa zamu. Girsu ilileta nafaka kwa wingi, Umma ikaleta matete na mbao, mwezi wa huyu, mwezi wa yule. Mifugo ilipitia Puzrish-Dagan, kituo alichokijenga mfalme Shulgi karibu na Nippur, na pale makarani waliandika kila kondoo aliyeingia na kila ng'ombe aliyetoka. Maelfu ya risiti hizo za udongo yamebaki hadi leo, nyingi ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. Kondoo kadhaa wa nyasi. Mbuzi mmoja aliyekufa, apelekwe jikoni. Fulani ameleta, fulani amepokea. Siku, mwezi, na chini kabisa, mwaka.

Mfumo huu unapendeza kuutazama mambo yakiwa shwari. Shida yake moja ni kwamba mji mkuu hauna shamba la kutosha. Mikoa ikiacha kuleta zamu yake, mfalme hahitaji adui.

Tarehe iliyoacha kuandikwa

Miaka haikuwa na namba. Kila mwaka ulipewa jina na ikulu, na kila karani wa kila mkoa alilazimika kuliandika chini ya risiti yake. Mwaka wa kwanza uliitwa "Ibbi-Sin ni mfalme". Mwaka wa tatu ukaitwa kwa ushindi dhidi ya Simurrum.

Kwa hiyo leo mtu anaweza kukaa na vibao vya mji mmoja mmoja na kuona ni lini makarani wake waliacha kuandika mwaka wa Ibbi-Sin. Eshnunna na Susa zinanyamaza ndani ya miaka mitatu hivi ya mwanzo. Puzrish-Dagan nako, ofisa Intaea, ambaye jina lake linarudi risiti baada ya risiti akipokea mifugo, anatoweka mwanzoni kabisa mwa utawala huu. Umma na Girsu zinafuata mnamo mwaka wa 5 au wa 6. Nippur, mji mtakatifu wa Enlil, mkuu wa miungu, hapo ndipo ufalme ulipokuwa ukipata baraka, inajiondoa mnamo mwaka wa 8.

Hakuna tangazo la uasi. Karani wa Umma hakuandika "leo tumejitenga". Aliandika kondoo wake kama jana, akafika kwenye mstari wa mwisho, akaweka kitu kingine.

Hapa ndipo mtazamo wangu juu ya Ishbi-Erra ulipoanza kuyumba. Vitabu vingi vifupi vinasimulia hivi: mfalme dhaifu akamwamini mtu mjanja, mjanja akamwibia nchi. Lakini Ishbi-Erra anaanza kuhesabu miaka yake mwenyewe pale Isin wakati mikoa mingi imeshaondoka. Alichukua kilichokuwa kimeachwa barazani.

Kwa nini mikoa iliondoka? Hapo kila mtaalamu ana lake: mavuno mabaya, ukame, mashamba kujaa chumvi, Waamori kufunga njia, magavana waliochoka kulisha ikulu. Mimi naelekea kwa magavana. Njaa inaelezea kwa nini Ur ililia. Haielezi kwa nini Girsu, yenye nafaka, iliacha kuleta.

Ukuta unaokaribia nyumbani

Majina ya miaka ya Ibbi-Sin yakisomwa kwa mfuatano yanatisha zaidi ya maombolezo yoyote.

Shulgi, katika mwaka wake wa 37, alijenga ukuta wa mpakani. Shu-Sin, aliyemtangulia Ibbi-Sin, akajenga mwingine katika mwaka wake wa nne na kuupa jina la kuwazuia Watidnum, watu wa jamii ya Waamori, nao ulikuwa kaskazini, mbali na mji mkuu. Mwaka wa 6 wa Ibbi-Sin unajivunia kuta za Nippur na Ur.

Ya Ur yenyewe!

Mwaka wa 5 unamtaja binti wa mfalme, Tukin-hatti-migrisha, aliyeozwa kwa mtawala wa Zabshali, huko milima ya Irani. Mwaka wa 9 mfalme anapeleka jeshi Huhnuri, mlango wa nchi ya Anshan. Mwaka wa 14 anaziangukia Susa, Adamdun na Awan kama tufani na kuzishinda kwa siku moja. Mwaka wa 17 Waamori wa kusini, watu ambao tangu zamani hawakujua mji, wanakuja kumnyenyekea.

Nani alikuwa akiyaandika majina haya? Kufikia mwaka wa 14, Ur na viunga vyake tu. Jina la mwaka ambalo zamani lilisambazwa kwa matarishi toka Susa hadi kaskazini, sasa linatoka ikulu na kufika kwa karani wa mtaa wa pili.

Siwezi kumcheka, na nimejaribu. Labda ushindi wa mwaka wa 14 ulikuwa wa kweli. Mfalme mwenye mji mmoja bado anaweza kuwa na jeshi, na wageni walikuwa bado wanakuja na zawadi: maandishi yake mwenyewe yanaeleza mnyama mwenye madoa wa Meluhha, nchi ya bonde la Indus, aliyeletwa kama tunu toka Marhashi, nchi ya mashariki huko Irani. Wanabishana kama alikuwa mbwa au chui. Mfalme akaamuru itengenezwe sanamu ya mnyama huyo, akamtolea mungu Nanna, na akaandika jina la mnyama: "Amkamate". Nimempenda mfalme huyu kwa mstari huo mmoja kuliko kwa kuta zake zote.

Cha juu

Turudi kwenye nafaka. Ipo barua ya pili, jibu la mfalme, na humo Ibbi-Sin anaonekana kuwa na akili zake timamu. Ulipewa talanta 20, anamwambia. Ulinunua gur mbili kwa kila shekeli. Kwangu ukaandika gur moja kwa shekeli.

Kwa Kiswahili cha mtaani, Ishbi-Erra alikula cha juu. Na cha juu chenyewe ni nusu ya shehena, gur 72,000 nyingine ambazo hazionekani kwenye taarifa.

Mfalme anajua ameibiwa, anajua kiasi, na anamjua mwizi kwa jina. Hana wa kumtuma akamkamate. Anauliza pia vipi kamanda Puzur-Numushda aliachwa awaruhusu Waamori kuingia nchini, swali ambalo kila mkubwa aliyeshindwa humuuliza mdogo wake.

Lakini hapa napo hesabu inanisumbua. Shekeli moja kwa gur moja ndiyo bei ya kawaida kabisa ya enzi ile, bei ya kwenye mahesabu ya makarani wakati wa neema. Ishbi-Erra anaitaja kama bei iliyopanda. Wakati huohuo risiti za Ur za mwaka wa 7 na wa 8 zinaonyesha shayiri ikiwa ghali mara nyingi zaidi. Na mfalme anamtuhumu kununua kwa nusu ya bei ya neema, katikati ya njaa? Labda kule Kazallu walivuna vizuri. Labda.

Mchuuzi wa mvuje

Barua ya tatu inatoka kwa Puzur-Numushda huyohuyo, safari hii akiwa gavana wa Kazallu, na ni barua ya mtu mwenye hofu. Mjumbe wa Ishbi-Erra amefika kwangu, anasema. Anadai Enlil amemwahidi bwana wake uchungaji wa nchi yote. Amejenga ukuta wa Isin, ameichukua Nippur, magavana wengine ameshawaweka upande wake. Mimi sina wa kunishika mkono.

Jibu la mfalme ndilo maandishi ninayoyapenda kuliko yote katika kisa hiki. Anamkaripia kwanza: nimekupa askari, kwa nini unaniletea maneno? Kisha anageukia miungu. Enlil aliichukia Sumer tangu zamani, anasema, akaleta nyani ashuke toka milimani aichunge nchi. Na sasa ufalme amempa mchuuzi wa mvuje, Ishbi-Erra, ambaye hata si wa uzao wa Sumer.

Mvuje! Huu huu unaonuka, ambao kina bibi wa pwani hufunga kwenye kitambaa cheusi na kumvisha mtoto mchanga asipatwe na jicho. Wataalamu hawakubaliani wote kwamba mmea wa kwenye kibao ndio huo, ila wengi huufasiri hivyo, na kwangu tusi limefika bila kuhitaji maelezo. Aliyekaa kitini mwa miungu (kumbuka wafalme hawa waliabudiwa wakiwa hai, na Ibbi-Sin alijiita mungu wa nchi yake) anamtazama mtu wa kuuza viungo gengeni.

Mwishoni anamtuliza gavana wake. Enlil amewainua Waamori toka nchi yao, watawarudisha nyuma Waelamu (watu wa Elamu, kusini-magharibi mwa Irani ya leo) na kumkamata Ishbi-Erra.

Waamori. Wale wale waliojengewa kuta mbili.

Nani aliyeziweka barua hizi

Sasa niseme lile ambalo wapenda visa hawapendi kusikia. Nakala za barua hizi si za ikulu ya Ur. Nyingi ziliandikwa karne ya 18 KK, zaidi ya miaka 200 baadaye, na wanafunzi wa ukarani katika miji kama Nippur. Zilikuwa kazi ya darasani, na maneno yanatofautiana toka nakala hadi nakala.

Hapo ile 72,000 ikanikaa sawa. Talanta kuwa shekeli, shekeli kuwa gur, gur kugawanywa kwa majahazi: hilo ni swali la mwalimu. Namwona mvulana akiandika barua ya msaliti huku akijifunza kuzidisha kwa sitini.

Basi zote ni za kutunga? Wapo wanaosema hivyo, na wengine husema ni propaganda ya Isin, iliyotungwa kuhalalisha nasaba ya Ishbi-Erra. Hili la propaganda halinikai. Propaganda gani inayomwita mwanzilishi wa nasaba mchuuzi wa mvuje na mla cha juu? Isitoshe, wakati watoto wa Nippur wananakili, Isin yenyewe ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa Rim-Sin wa Larsa. Nasaba hiyo haikuwa na mtu wa kuilipia matangazo.

Kilichonizuia kuzitupa barua zote jalalani ni yule nyani.

Mwaka wa 23 wa Ibbi-Sin, mwaka mmoja kabla ya mwisho, una jina la ajabu. Kibao kinaeleweka kwa shida, ila humo yumo Ibbi-Sin, mfalme wa Ur, na yumo nyani mpumbavu wa nchi ya kigeni aliyeinuka dhidi yake. Jina hili halikutoka darasani. Liliandikwa Ur, mwaka uleule. Ikulu iliyokuwa ikitaja kuta na tufani ilitumia jina la mwaka mzima kumtukana mtu, na tusi ni lilelile la kwenye barua. Aliyetunga barua, kama alitunga, alikuwa na kitu mkononi: nakala ya zamani, au mdomo wa watu uliokuwa bado unakumbuka jinsi mfalme yule alivyokuwa akiwasema maadui zake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwenye hoja ataniambia. Nafaka siiamini. Matusi nayaamini.

E-namtila

Mwaka wa 22 ulipewa jina la gharika, au tufani, iliyoamriwa na miungu na kuitikisa dunia. Jina linasema mfalme aliushika imara mji wake. Yawezekana maji kweli, yawezekana ni lugha ya picha. Miaka miwili baadaye, mnamo 2004 KK, jeshi la Elamu na Shimashki liliingia Ur. Mtawala anayetajwa sana na ushindi huo ni Kindattu.

Utenzi wa maombolezo ya Sumer na Ur unaeleza siku za kuzingirwa kwa kupita jikoni. Kilabuni hakuna pombe kwa kuwa kimea kimekwisha. Ikulu haina chakula. Mfalme aliyezoea chakula cha kifahari anapora posho ya kawaida. Ibbi-Sin ameketi peke yake katika jumba lake la E-namtila, jumba la starehe zake, analia kwa uchungu. Kisha anapelekwa Elamu amefungwa minyororo, kama mbayuwayu aliyeruka toka nyumbani kwake asirudi tena.

Ndani ya utenzi huo Nanna, mungu wa mji, anakwenda kumlilia baba yake Enlil. Jibu la Enlil halina hasira. Ur ilipewa ufalme, anamwambia, haikupewa utawala wa milele. Tangu nchi iwepo, nani ameona ufalme uliodumu? Zamu yake ilikuwa ndefu, na imekwisha.

Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni hekima. Siku hizi naliona kuwa jibu la kuudhi mno kupewa mtu aliyefiwa. Tena linamfaa sana aliyerithi: utenzi huu unadhaniwa kutungwa enzi za wafalme wa Isin, na kwa kauli hii Enlil hamlaumu yeyote, hata mwenye ghala.

Waelamu waliweka askari Ur kwa miaka kadhaa, na aliyewafukuza ni Ishbi-Erra. Mwanawe Shu-ilishu akaandika kwa fahari kwamba amemrudisha mungu Nanna toka Anshan mpaka Ur. Mungu alikombolewa. Kuhusu kumkomboa mfalme hakuna neno.

Jina lake lilibaki kwa waaguzi. Katika ikulu ya Mari, kwao Ishbi-Erra, wachimbaji walikuta maini ya udongo ya kufundishia ubashiri, na moja limeandikwa kwamba hivi ndivyo ini lilivyoonekana nchi ilipomwasi mfalme Ibbi-Sin. Kwa vizazi vingi, ini la kondoo likiwa na alama hiyo, mwaguzi alitikisa kichwa.

Orodha

Ipo Orodha ya Wafalme wa Sumer, maandishi yanayopanga tawala zote tangu ufalme uliposhuka toka mbinguni, mji mmoja ukiupokea toka kwa mwingine. Inasema Ibbi-Sin alitawala miaka 24. Ur ikapigwa, ufalme ukachukuliwa Isin. Isin, Ishbi-Erra akawa mfalme, akatawala miaka 33.

Jumla ni 57. Lakini tangu Ibbi-Sin alipokalia kiti hadi Ishbi-Erra alipokufa ni kama miaka 44 tu. Kama 13 hivi imehesabiwa mara mbili, miaka ambayo wafalme walikuwa wawili, mmoja akiwa na ghala na mwingine akiwa na jina. Orodha haina safu ya kuwaandika pamoja, basi ikawapanga mmoja baada ya mwingine, na karani aliyejumlisha hakuona tatizo.